Mitaa aliyoibeba Jack Kirby

Kijana anayeweza kujiwasha moto bila kuungua amegombana na wenzake na kuikimbia nyumba. Anaishia Bowery, mtaa wa Manhattan uliojulikana enzi hizo kwa nyumba za kulala za bei ya kutupwa, ambako watu waliofilisika na walevi walilipia kitanda kwa usiku mmoja mmoja. Humo anakuta kijitabu cha zamani cha katuni kinachomsimulia mfalme wa bahari aliyepotea. Watu wa chumbani wanamwambia kwamba hapahapa yupo mtu mwenye nguvu za namna hiyo: yule pale, mwenye ndevu zilizosokotana, asiyekumbuka hata jina lake. Wanamchokoza, naye anawarusha huku na huko kama mito. Kijana anamsogelea, anazinyoa zile ndevu kwa mwali wa moto, na chini yake unatokea uso wa Namor, yule mfalme wa bahari aliyepotea.

Hiyo ni Fantastic Four namba 4, ya Mei 1962. Mchoraji wake, Jack Kirby, alikuwa na dunia nzima ya kumfichia mfalme wa bahari: pangoni, kisiwani, chini ya barafu. Akampa kitanda Bowery, mwendo mfupi kwa miguu kutoka nyumba aliyozaliwa yeye mwenyewe.

Wanaoipenda kazi ya Kirby huanza na ngumi zake, ngumi zile zinazoonekana kutoboa karatasi na kumfuata msomaji. Kisha huja mashine kubwa kama milima, sayari zinazopasuka, na vile vidoa vyeusi alivyovitawanya angani kuonyesha nguvu isiyo na jina. Sifa hizo ni haki yake. Lakini kuna jambo jingine ambalo mtu hulitambua akizisoma kazi zake nyingi kwa mfululizo: mashujaa wa Kirby wana anwani. Wanapanga nyumba, wanapita kwenye mitaa yenye majina, wana majirani wanaowazomea. Na anwani hizo zina asili yake kwenye eneo dogo la jiji moja, eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa asubuhi moja.

Jina alilopewa na wazazi ni Jacob Kurtzberg. Alizaliwa Agosti 28, 1917, Essex Street namba 147, Lower East Side, New York. Wazazi wake, Benjamin na Rose, walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Austria, na baba alikuwa mshonaji katika viwanda vya nguo. Familia ilihamia Suffolk Street, mitaa miwili tu upande wa mashariki, na huko ndiko Jacob alikokulia.

Maisha ya nyumba zile yanaweza kuonekana hadi leo. Orchard Street namba 97, mitaa miwili magharibi ya Essex, lipo jengo la ghorofa lililojengwa mwaka 1863. Kufikia 1935, lilipofungwa kwa wapangaji, watu wapatao 7,000 kutoka nchi zaidi ya 20 walikuwa wamewahi kuishi humo. Mwaka 1988 kulianzishwa makumbusho yanayolitunza. Mgeni hupanda ngazi nyembamba zenye giza na kuingia katika makazi ya vyumba vitatu ambavyo kwa jumla havizidi sana mita za mraba 30. Chumba cha mbele ndicho chenye madirisha ya kutazama mtaani. Jiko liko katikati, na chumba cha kulala kimejibana nyuma. Familia ya watu sita au saba ilipika, ililala, ilishona na kuuguza wagonjwa humo.

Kwa hiyo watoto waliishi nje. Chini barabarani walikuwapo wachuuzi wa mikokoteni na kelele zao, na juu zilikuwapo paa tambarare zenye matangi ya maji ya mbao. Katikati, mbele ya kila jengo, zilining'inia ngazi za chuma za kukimbilia moto, ambazo wakati wa joto ziligeuka vitanda. Wavulana walijigawa kwa mitaa. Kijana wa Suffolk Street alikuwa na vita na wa Norfolk Street bila kuhitaji sababu nyingine. Kirby alisimulia mara nyingi uzeeni jinsi walivyofukuzana na kupigana juu ya paa na kwenye ngazi zile za chuma. Hakuwa mrefu, na alijifunza mapema kwamba mtu mfupi anayepigana juu ya paa anapaswa kujua ukingo uko wapi.

Fungua ukurasa wake wowote wa mapigano uangalie jambo hilo. Anayepigwa ngumi haangukii hewani. Anagonga ukuta na matofali yanatoka, anapinda nguzo ya taa, anavunja ukingo wa paa au anatua juu ya gari lililoegeshwa. Kirby anajua umbali uliopo kati ya paa na paa kwa sababu aliwahi kuupima kwa miguu yake. Shule ya sanaa haikumfundisha hilo: alijiunga na Pratt Institute akiwa na miaka 14 na, kwa maelezo yake, akaondoka baada ya wiki moja. Alifanya kazi kwa muda katika studio ya Max Fleischer, akichora picha za kati za filamu za Popeye, meza zikiwa zimepangwa safu kwa safu. Hakuipenda, ilimkumbusha kiwanda cha baba yake.

Desemba 1940 yeye na mshirika wake Joe Simon walitoa Captain America namba 1, toleo lililoandikwa Machi 1941. Kwenye jalada shujaa aliyevaa bendera anampiga Hitler ngumi ya taya, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. Toleo hilo liliuza nakala karibu milioni moja, na likawaletea watengenezaji wake barua na simu za vitisho. Ofisi ya mchapishaji ilikuwa West 42nd Street namba 330, ndani ya jengo la McGraw-Hill lenye rangi ya kijani. Simon alisimulia kwamba watu wa kutiliwa shaka walianza kuzungukazunguka nje, na kwamba Meya Fiorello LaGuardia alipiga simu mwenyewe kuwahakikishia kuwa jiji litawalinda. Baadaye, hadithi zilipomweleza Steve Rogers, kijana dhaifu aliyegeuzwa kuwa Captain America, zilimfanya mzaliwa wa Lower East Side. Filamu za miaka hii zimemhamishia Brooklyn, ng'ambo ya mto. Kwa mtazamaji wa mbali ni mabadiliko madogo. Kwa vijana wa Suffolk Street wa mwaka 1930 yangetosha kuanzisha ugomvi.

Mwaka 1942 Simon na Kirby walibuni genge la watoto wauza magazeti, Newsboy Legion, wakalipa makazi katika mtaa wa mabanda ulioitwa Suicide Slum. Jina ni la kubuni, ila matangi ya maji, kamba za nguo na vichochoro vyake vinafahamika.

Kisha ikaja vita yenyewe. Kirby aliingizwa jeshini mwaka 1943, na Agosti 1944 alishuka kwenye fukwe za Normandy, Ufaransa, miezi miwili na nusu baada ya uvamizi mkubwa. Alikuwa askari wa miguu wa kawaida katika jeshi la Jenerali Patton. Ofisa mmoja alipobaini kwamba huyu ndiye mchoraji wa Captain America, Kirby huenda alitarajia kazi ya mezani. Badala yake alifanywa mpelelezi wa mbele. Kazi yake ilikuwa kutangulia kikosi, kuingia vijijini ambako Wajerumani huenda bado wamo, kutazama, na kurudi na mchoro: daraja liko hapa, nyumba zile zimejipanga hivi, mizinga imekaa pale. Wanaume wengine walitembea wakiutegemea mchoro huo. Majira ya baridi ya mwaka huo miguu yake iliganda kwa baridi kali karibu na Metz, na ilikuwa nusura ikatwe.

Jambo hili halitajwi vya kutosha anaposifiwa kama bingwa wa mambo ya kubuni. Mtu huyu aliwahi kuchora mahali huku maisha ya watu yakitegemea kama amepaona sawasawa. Alikuwa na jicho linaloingia mtaani mara moja na kutoka na mpangilio wote: wapi pa kujificha, wapi pa kutokea, kipi kiko nyuma ya kipi. Ndiyo sababu mapigano yake, hata yakiwa na watu ishirini na majoka mawili, hayampotezi msomaji. Unajua daima nani amesimama wapi.

Miaka ya mashujaa wa kampuni ya katuni ya Marvel ilimkuta akiishi East Williston, kitongoji cha Long Island kilicho kama kilomita 30 mashariki mwa Manhattan. Alikuwa na mke, Roz, watoto wanne, na chumba cha kuchorea chini ya nyumba, kidogo na kizito kwa moshi wa sigara zake kubwa, ambacho familia ilikibatiza jina la shimo la wafungwa. Alikaa humo usiku kucha, penseli mkononi. Manhattan yote ya miaka ya 1960 iliyojaa katika kurasa zile, paa kwa paa, ilitoka kwa mtu aliyekaa mezani chini ya ardhi akiitazama kwa kumbukumbu.

Lipo jambo la kupendeza kuhusu picha za kamera. Kirby alipenda kuzikata magazetini na kuzibandika pamoja kuwa kurasa za kolaji, ila mara nyingi alizitumia kwa anga za mbali na ulimwengu wa ajabu aliouita Negative Zone. Picha halisi zilionyesha mahali pasipokuwapo. Kwa mahali palipokuwapo, penseli ilitosha.

Haki inataka Stan Lee, mwandishi na mhariri wa Marvel, atajwe. Hadithi hizi walizitengeneza pamoja, na wawili hao pamoja na mashabiki wao walivutana kwa miongo kuhusu nani alibuni nini. Lee naye alikuwa mtoto wa New York. Lakini utaratibu wao wa kazi ulikuwa wa namna yake: baada ya mazungumzo mafupi, mchoraji aliichora hadithi nzima, fremu kwa fremu, na maneno yakajazwa baadaye. Kwa utaratibu huo, anayeamua kama ugomvi utafanyika kwenye ukumbi au kwenye ngazi za moto ni mwenye penseli.

Na hapo ndipo panapoingia Yancy Street. Katika Fantastic Four, Ben Grimm, rubani aliyegeuzwa jitu la mawe ya rangi ya chungwa, anasumbuliwa na genge la mtaa wake wa zamani. Yancy Street Gang haina nguvu yoyote ya ajabu. Silaha yake ni kejeli: inamtumia vifurushi vyenye vitu vya kumwaibisha, inamrushia kabichi na kutokomea kwenye kona, na mara nyingi Kirby haonyeshi uso wa hata mmoja wao. Jitu linaloweza kunyanyua lori linabaki limesimama barabarani, majani ya kabichi kichwani, likitukana hewa. Msomaji anacheka, halafu anaelewa kwamba hawa ndio watu pekee wanaomtendea Ben kama walivyomtendea kabla hajageuka jiwe.

Yancy ni Delancey iliyokatwa kichwa. Delancey Street ni njia kuu ya Lower East Side, inayokwenda moja kwa moja hadi Williamsburg Bridge. Essex, Norfolk na Suffolk zote zinaikata. Ben Grimm kwa jina kamili ni Benjamin Jacob Grimm. Benjamin ni jina la baba yake Kirby, na Jacob ni lake mwenyewe. Dini ya Ben haikutajwa kurasani hadi mwaka 2002, alipoonyeshwa waziwazi kuwa Myahudi, lakini nyumbani kwake Kirby alikuwa amekwisha kumchora miaka mingi kabla, kwa kadi ya sikukuu, akiwa amevaa kofia ndogo na shali ya sala.

Makao ya Fantastic Four, kundi la mashujaa wanne ambalo Ben ni mmoja wao, ni Baxter Building, kwenye makutano ya 42nd Street na Madison Avenue. Ni 42nd Street ileile ya ofisi ya Captain America, upande wa mashariki zaidi. Mashujaa wa wakati huo kwa kawaida waliishi katika miji isiyokuwapo, Metropolis au Gotham. Hawa waliwekwa kwenye ghorofa za juu za jengo lenye wapangaji wengine. Katika toleo la 9, la mwaka 1962, kundi linapoteza pesa kwenye soko la hisa na kufungasha virago. Fikiria ujasiri wa wazo hilo: watu waliookoa dunia wanashindwa kulipia nyumba. Mwana wa mshonaji wa Suffolk Street hakuhitaji kulifanyia utafiti.

Mwaka 1966 Kirby alikuwa kileleni, na matoleo matatu mfululizo ya Fantastic Four ya mwaka huo yanaonyesha upana wake kuliko maelezo yoyote. Namba 50, ya Mei, inamaliza hadithi ya Galactus, kiumbe mla sayari. Amefika duniani, na mtambo wake wa maangamizi ameusimika juu ya paa la Baxter Building. Mwisho wa dunia unaamuliwa juu ya paa, mahali ambapo watoto wa Lower East Side waliamulia mambo yao yote.

Namba 51, ya Juni, inafunguliwa kwa mchoro mmoja unaojaza ukurasa. Ben Grimm amesimama peke yake barabarani usiku, na mvua inamnyeshea. Hakuna adui, hakuna ngumi. Mabega ameyashusha. Maji yanamtiririka juu ya mawe ya mwili wake na kufanya kila pande ling'ae. Mvua ya Kirby haikuchorwa kama pambo. Ina uzito, inaanguka juu ya kitu kigumu na kuruka. Mtu akiutazama ukurasa huo kwa dakika mbili anahisi unyevu kwenye kola. Wengi huutaja kuwa miongoni mwa kurasa bora za katuni ya Marekani, na mwandishi wa makala hii yuko pamoja nao. Ungeweza kuiondoa hadithi yote inayofuata, na ukurasa huo ungebaki umesimama.

Halafu, mwezi mmoja baadaye, namba 52 inatupeleka Afrika. Ndiyo hadithi ya kwanza ya Wakanda na ya T'Challa, Black Panther, mfalme anayewaalika mabingwa wanne kutoka New York ili awawinde mmoja mmoja, na anakaribia kuwashinda wote. Mashujaa weusi wenye nguvu za ajabu hawakuwapo katika katuni kubwa za Marekani, na huyu aliingia akiwa mfalme, tajiri na mwanasayansi. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu bendera za wakoloni ziteremshwe Dar es Salaam, Kampala na Nairobi. Chama cha Black Panther cha Oakland kilianzishwa miezi kadhaa baada ya toleo hilo kutoka. Kirby alieleza baadaye kwamba alitambua hakuwa na watu weusi katika kazi yake, na jambo hilo lilimsumbua.

Mandhari ya Wakanda ya Kirby ni msitu wa mitambo: mizizi ni nyaya, majani ni chuma, maua yanatoa milio. Ni wazo kubwa, na ndilo lililozaa mji ule wa filamu ya Black Panther uliojaza kumbi za sinema mwaka 2018, Mkenya Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa waigizaji wakuu. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki anayerudi kwenye toleo la 1966 akitafuta mtaa hataupata. Hapana ngazi ya jirani, kona ya wavulana wala mkokoteni wa mboga. Kirby alikuwa na Afrika ya vitabu vya safari za hatari na ya filamu, akaipandishia mitambo ili aiheshimu. Ni heshima ya kweli, na hata hivyo inaonyesha kwa uwazi mkubwa kile alichokuwa nacho kwa Delancey. Ramani za Marvel zilizochapwa baadaye sana ziliipa Wakanda mahali karibu na Ziwa Turkana, ikipakana na nchi za kubuni kama Azania na Narobia. Kuijaza Wakanda majirani na masoko ilikuwa kazi ya waliomfuata.

Mwaka 1969 familia ilihamia California, kwenye hewa kavu. Kirby akaihama Marvel pia mwaka uliofuata, akaingia kampuni shindani ya DC, na katika kitabu cha kwanza alichopewa huko, Superman's Pal Jimmy Olsen, aliirudisha Suicide Slum, safari hii ndani ya Metropolis, jiji safi la Superman. Kwa miaka thelathini jiji hilo lilikuwa halina mtaa wa maskini unaokumbukwa. Kirby alipofika, likawa nao.

Alifariki Februari 6, 1994, Thousand Oaks, California. Filamu ya Fantastic Four ya mwaka 2025 inatokea katika ulimwengu ulioitwa Earth-828. Wamarekani hutanguliza mwezi, na 8/28 ni siku aliyozaliwa.

Kazi ya Kirby ambayo mtu angependa kila msomaji aione haina shujaa hata mmoja. Inaitwa Street Code. Aliichora mwaka 1983, akiwa na miaka 66, jua la California likiwa dirishani, na ilichapwa mwaka 1990 ikiwa bado na penseli yake, bila wino wa mtu mwingine juu yake. Inaanzia jikoni, ndani ya nyumba ya kupanga, mvulana na mama yake. Mvulana anashuka ngazi. Genge la mtaa mwingine linakuja, na ugomvi unaanza.

Katikati ya hadithi Kirby anasimamisha kila kitu na kuchukua kurasa mbili nzima kwa mchoro mmoja: mtaa, kutoka ukuta hadi ukuta. Mikokoteni imebanana, wanawake wanapatana bei, watoto wanapenya kati ya magurudumu, ngazi za chuma zinapanda juu hadi zinapopotea. Kivuli amekikoleza kwa ubavu wa penseli, na ukiinamia karibu unaona mahali mkono ulipopita mara ya pili na ya tatu juu ya uso mmoja mdogo wa mchuuzi asiye na sehemu yoyote katika hadithi.